Msitupe mashine za zamani za kukata nyasi

Mhariri,

Mashine nyingi za zamani za petroli za kukatia nyasi hutupwa kwa kukosa cheche tu, ilhali injini ni nzima. Inauma, maana tatizo mara nyingi ni uchafu.

Chomeka waya wa plagi kwenye plagi mpya (kifaa kinachotoa cheche) yenye mwanya wa milimita 0.75, igusishe kwenye chuma cha injini, mbali na mvuke wa petroli, kisha vuta kamba. Cheche zisipoonekana, tenganisha waya wa kuzimia injini. Ukichubuka na kugusa bodi, hukata moto.

Bado? Fungua flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kwa pula (kifaa cha kulivuta litoke), kamwe si kwa kugonga ukingo wake. Chini yake kuna platini, yaani vipande viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche itokee, ambavyo hushika kutu mashine ikilala muda mrefu. Zisugue kwa msasa laini, kisha zifute kwa spiriti: hata tone la oili huzuia umeme. Kwenye injini nyingi za zamani za Briggs & Stratton mwanya wa platini ni milimita 0.5, ukipimwa zikiwa wazi kabisa. Kondensa, kifaa kidogo cha umeme kilichounganishwa na platini, badilisha papo hapo. Ikifa huunguza platini.

Kagua pia kile kipande kidogo cha chuma laini kinachoshika flaiwili kwenye shafti. Kisu kikigonga jiwe hukatika nusu: cheche zipo, lakini hazitokei kwa wakati, na kamba hurudi kwa nguvu mkononi.

Koili, inayozalisha umeme wa cheche, iwe ya mwisho kununuliwa.

Mafundi wa injini ndogo