Asante, mzee wa kidebe cha injini

Kuna mzee mmoja kwenye uwanja wa ndege za mfano huko Muncie, Indiana, Marekani, aliyeniomba nisimtaje jina. Sawa, sitamtaja, lakini kunyamaza kabisa siwezi.

Niliuziwa Ringmaster iliyotumika, ndege ndogo ya mfano inayoruka kwa duara ikishikwa kwa nyaya na mpini mkononi mwa mrushaji, yenye mabawa ya sentimita 107, ikiwa na injini ya inchi za ujazo 0.46. Muuzaji alisifia nguvu tu. Hewani pua ilikuwa nzito, na nikivuta mpini ndege inaitika kwa uvivu, kama ng'ombe aliyeshiba.

Mzee aliinyanyua kwa ncha za vidole chini ya mabawa. Pua ikaanguka papo hapo. Hakucheka. Alifungua skrubu, akaitoa injini, akaipima kwenye mizani ya jikoni, kisha akachomoa kwenye kidebe chake Fox 35 kuukuu, injini ndogo na nyepesi zaidi, akaifunga na propela ya inchi 10 kwa 6 (kipenyo, kisha umbali inaosonga mbele kwa mzunguko mmoja), akiielekeza nje kidogo ya duara ili nyaya zisilegee.

Sindano ya mafuta, ile inayopunguza au kuongeza mafuta yanayoingia kwenye injini, ndiyo aliyohangaika nayo zaidi. Aliifungulia mpaka mlio ukawa mzito, kisha akainua pua ya ndege juu: mlio ukachangamka. "Hapo hapo," akasema. Nguvu inahitajika ndege ikipanda, si ikienda sambamba na ardhi.

Kabla sijairusha alivuta nyaya kwa nguvu zake zote kuhakikisha zinashika. Pesa alizikataa, na injini akaniachia.

Nyie wenye injini zinazolala kabatini, wapeni wanaoanza.