Msimu wa karafuu, doria iingie mashambani

Mhariri,

Kila ajira za polisi zikitangazwa, mazungumzo ya barazani huku Pemba huwa ni nani kachaguliwa na nani kaachwa. Hilo lina haki yake, maana polisi ni jambo la Muungano na vijana wetu wana fungu lao. Mimi nauliza jengine: wakishamaliza mafunzo, wanapangwa wapi?

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima. Mwaka 2012 tulikuwa 1,303,569. Nyumba zimeingia hadi makondeni, lakini doria bado ni ya barabara ya lami. Gari hupita taa zikiwaka, mwizi akaliona tangu mbali.

Msimu wa karafuu ndipo mambo huharibika. Mtu anachuma mchana kutwa, usiku watoto wanachambua karafuu kutoka kwenye makonyo (vikonyo vyake), asubuhi anaanika jamvini. Akienda kuswali tu, akirudi jamvi limepungua. Wengine huchumiwa mikarafuu yao wakiwa wamelala. Ukipiga simu kituoni unaambiwa askari wako wawili, na wa kaunta hawezi kuondoka. Kweli hawezi, simlaumu.

Basi wakati wa mchumo wahamishwe askari kwa muda kutoka mjini, na wapewe pikipiki, kwani gari haziingii njia za mashambani. Masheha, viongozi wa serikali mashinani, wanawajua wageni wanaolala vijijini mwao, waulizwe. Polisi jamii wetu wanajitahidi, lakini wanazunguka na tochi za simu tu.

Mkulima wa karafuu,
Wete, Pemba