Bikoni imesimama katikati ya korongo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni fundi mwashi, nimejenga Dar es Salaam hii kwa miaka 31, na tangu 2003 naishi Kinyerezi, kwenye mteremko unaoshukia korongo ambalo maji yake huishia Mto Msimbazi. Natanguliza hayo ili msomaji asije akadhani anayeandika ni mtu wa kupinga ujenzi. Ujenzi ndio ulionisomeshea watoto.

Juu ya mtaa wetu palikuwa na shamba la mikorosho, kama ekari kumi hivi. Ndani yake mlikuwa na miembe minne mikubwa na mkwaju mmoja ambao watoto waliumaliza kwa mawe kila msimu. Mzee mwenye shamba alifariki, warithi wakauza, kampuni moja ya viwanja ikanunua. Hapo sina neno, mali ni yao. Mwezi wa nane mwaka jana likaja greda, nyuma yake kijiko cha kuchimbia udongo. Kazi ilikuwa ya siku tatu. Siku ya kwanza mikorosho iling'olewa pamoja na visiki vyake. Siku ya pili kifusi kilisukumwa kikajaza kijikorongo kilichokuwa kikipita katikati ya shamba. Siku ya tatu ikachongwa barabara moja, imenyooka kama rula kutoka juu mpaka chini, na mdomo wake ukaelekezwa kwenye nyumba zetu.

Nikapanda kwenda kumwona msimamizi, kijana mpole, amevaa kiakisi mwanga na kofia ngumu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, maji yatapita wapi?"

Akatoa simu akanionyesha ramani ya viwanja. Korongo halimo. Pale linapopita kuna viwanja vinne, kila kimoja na namba yake, na viwili tayari vimewekwa rangi ya kuonyesha kwamba vimeuzwa. Nikamuuliza, na miti je? Akanijibu kwa heshima zote: "Usijali mzee wangu, tutapanda mingine. Kila anayenunua kiwanja tunampa mche."

Sikumkasirikia, maana mimi mwenyewe nimekata. Mwaka 2009 nilikuwa na kazi Tabata, mteja anataka msingi uanze haraka, mwembe umekaa kwenye kona ya sebule. Nikaita vijana wa msumeno, kufika mchana umelala. Leo mteja yule amejenga kibanda cha mabati palepale ulipokuwa mwembe, anaegesha gari, na joto la kibanda kile nisingemwekea hata mbuzi. Kwa hiyo najua jinsi mambo haya yanavyokwenda: mti unaonekana kikwazo kwa siku moja ya kazi, basi.

Lakini mche na mkorosho wa miaka 40 havilingani, na nitaeleza kwa hesabu ya fundi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ekari kumi ni mita za mraba 40,000 na ushee. Ikinyesha mvua ya milimita 50, na masika ya Dar hutupa mvua ya namna hiyo kwa siku moja bila kupiga hodi, shamba lile linapokea lita milioni 2. Ni maboza 200 ya lita 10,000. Zamani maboza hayo yalikuwa yanadondokea kwenye majani, yanachuruzika kwenye matawi, yanafikia mkeka wa majani makavu unaozama mguu, na sehemu kubwa inanywewa na ardhi iliyotobolewa na mizizi. Yaliyobaki yalifika kwetu mvua ikiwa imekwishakatika, tena taratibu, yana rangi ya chai. Sasa ardhi imeshindiliwa na greda ikawa kama sakafu. Maji yanafika mvua ingali inanyesha, mekundu, yanaviringisha mawe.

Novemba tuliyaona. Ilikuwa usiku wa saa nane. Nilisikia kishindo nikadhani ni gari limegonga, kumbe ni ukuta wa jirani yangu, mama anayeuza vitumbua pale kituoni. Ukuta ule niliujenga mimi, tofali za inchi sita, na nondo niliweka. Ulilala wote mzimamzima kama mlango uliong'oka. Tulipotoka na tochi yeye alikuwa amesimama juu ya kitanda amembeba mjukuu, maji yamefika usawa wa mtoto wa meza, na kikaango chake cha vitumbua kinazunguka sebuleni. Tulishukuru Mungu hakuna aliyeumia. Asubuhi jiko lake la mkaa tulilikuta limenasa kwenye kalvati, mita kama mia mbili chini, limejaa mchanga.

Kuna jambo lingine ambalo watu huona haya kuliandika. Mvua ikizidi, wapo wanaotoboa mashimo ya vyoo ili maji yabebe uchafu, ndiko kutapisha. Mkondo ulipokuwa kwenye korongo, uchafu ule ulipita mbali na milango yetu, ingawa kwa wa chini ilikuwa balaa ileile. Sasa mkondo ni barabara. Wiki ile nzima tulikuwa tunafagia vitu ambavyo sitavitaja mbele ya wasomaji wako, na watoto wanapita humo kwenda shule.

Miembe miwili iliachwa, labda kwa kuwa iko mpakani. Mwezi uliopita niliikagua. Mmoja umezikwa: kifusi kimerundikwa kwenye shina kufika usawa wa goti, na magari ya moramu yanageuzia kwenye kivuli chake. Upande wa juu majani yameanza kukauka. Mti wa namna hiyo hauanguki leo. Mizizi ya juu ndiyo inayopumua, ukiifukia na kuishindilia unaikaba, kisha baada ya mwaka au miwili mti unakauka na watu wanasema ulikuwa mzee. Haukuwa mzee. Tuliuzika mzimamzima.

Kuulinda kungegharimu nini? Mirunda kumi na mbili na waya, zungushia mwisho wa matawi yanapofikia, siyo kwenye shina, halafu waambie madereva humo haiingii tairi wala mfuko wa saruji. Ni kazi ya vijana wawili, asubuhi moja. Niliwahi kumjengea nesi mmoja mstaafu kule Segerea, yeye alinilazimisha kusogeza msingi mita mbili ili mwarobaini wake ubaki. Nililalamika sana, maana kamba nilikuwa nimeshazivuta. Siku hizi nikipita kumjulia hali, tunakaa chini ya mwarobaini huohuo na ananikumbusha.

Maji nayo yana namna yake. Barabara ya mteremko haichongwi ikanyooka. Inakatwa kwa kufuata kiuno cha kilima, na mtaro unajengwa kwa ngazi za mawe ili maji yapungue mbio. Kila nyumba iwe na mfereji wa bati na tangi, yanayozidi yaende kwenye shimo la kokoto ndani ya kiwanja. Paa la mita za mraba 100 kwa mvua ile ya milimita 50 linajaza tangi la lita 5,000 mpaka pomoni, na huku Kinyerezi tunanunua maji ya dumu! Lakini yote hayo ni ya pili. La kwanza ni kuliacha korongo wazi na ukanda wake wa miti, na kuliandika kwenye ramani ya mauzo kwa jina lake: korongo. Kampuni itapoteza viwanja vinne. Ikiviuza, watakaopoteza ni wanunuzi wanne, na wengi wao ni watu waliokopa.

Yasionekane ni mambo ya mtaa mmoja. Korongo letu ni mtoto wa Msimbazi, na Msimbazi ndio unaofunga Barabara ya Morogoro pale Jangwani mvua ikizidi. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu takriban 40 katika jiji hili, na familia za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Sasa Serikali imekopa dola milioni 200 Benki ya Dunia kwa ajili ya kuliokoa bonde la Msimbazi, na mimi naunga mkono. Ninachoshangaa ni kwamba kule chini tunachimba na kuinua daraja, huku juu tunang'oa mikorosho inayozuia mchanga bila malipo. Mchanga wanaouchota Jangwani, sehemu yake ilikuwa kiwanja cha mtu huku kwetu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto. Nilipoitaja kwenye mkutano wa mtaa, mtu mmoja alisimama akasema korongo si mto kwa kuwa kiangazi ni kikavu. Aje Aprili na kiti chake akae humo.

Tumekwenda ofisi mbili. Ya kwanza ilituelekeza ya pili, na ya pili ikatuambia tulete barua kutoka ya kwanza. Barua tunayo sasa, ina mihuri miwili, lakini masika yanaanza mwezi ujao. Tunachoomba kifanyike kabla ya hapo ni kidogo: kifusi kitolewe kwenye kijikorongo na kwenye shina la mwembe, mdomo wa barabara ukatwe upinde ushukie korongoni badala ya milangoni kwetu, na viwanja vile vinne visimame kwanza mpaka mtu wa mipango miji afike kwa miguu yake na kuona.

Mhariri, ukipata nafasi mtume mwandishi wako. Akishuka kituoni aulize kwa mama wa vitumbua, kila mtu anamjua, amenunua kikaango kipya. Atampeleka mpaka ilipo bikoni, ile nguzo ya zege ya kuonyesha mpaka wa kiwanja, imesimama katikati ya korongo, zege lake bado jeupe. Mwandishi asivae viatu vya kuteleza, kingo zimeanza kumeguka.

Fundi mwashi,
Kinyerezi, Dar es Salaam