Shemeji ananiuzia pikipiki ya matairi manne: niichukue au niiache?

Ndugu Mshauri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Mimi ni mfugaji wa nyuki. Nina mizinga 38, mume mmoja, watoto wawili, na mama mkwe ambaye magoti yake yamekataa kushuka mlima. Naandika usiku, wote wamelala, kwa sababu mchana suala hili halizungumziki humu ndani bila mtu kununa.

Nyumba yetu iko juu. Kutoka barabarani hadi kwetu ni kilomita 4 za njia ya mawe, na katikati kuna kijito cha kuvuka na mpando mmoja ambao hata mbuzi husimama kwanza akautazama. Gari halifiki. Pikipiki ya kawaida hufika wakati wa kiangazi. Mvua ikianza nayo hubaki chini. Asali naishusha kwa toroli na kwa migongo ya vijana ninaowalipa. Na ndoo ya lita 20 ikijaa asali si kilo 20 kama ya maji, inakaribia 28. Msimu uliopita ndoo mbili zilipinduka pale kijitoni. Niliyoyasema siku hiyo hayaandikiki.

Ndipo shemeji yangu, kaka wa mume wangu, alipokuja na habari yake. Ana pikipiki ya matairi manne, zile za kupita popote, na anaiuza kwa sababu anatafuta gari. Bei anayoitaka ni kama nusu ya mpya. "Shemeji," akaniambia, "ukiichukua wewe, asali inashuka na mama anashuka kwenda kutibiwa." Mume wangu alikubali palepale, hata chombo hajakiona. Mimi nikasema nitakwenda kukiangalia.

Nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilimkuta ameiosha hadi inang'aa, matairi yamepakwa mafuta, na injini ya moto. Nilipeleka mkono karibu na eksozi nikaurudisha haraka. Nikamuuliza mbona ina moto, akasema alikuwa anaisogeza kivulini. Sawa. Ikawashwa mara moja tu, ikanguruma vizuri, moshi hakuna. Lakini mimi nimekulia kwa baba aliyekuwa na pampu ya maji ya injini, na najua injini iliyokwisha kuamshwa haikwambii inavyoamka.

Mara ya pili nilikwenda alfajiri bila kumpigia simu. (Najua, si adabu nzuri kumgongea shemeji mlango saa 12 asubuhi. Nilibeba asali.) Safari hii stata ilizunguka mara nne ndipo ikawaka, na ikatoa moshi wa bluu ambao ulikwisha baada ya kama nusu dakika. Nikamwomba anifungulie boksi la chujio la hewa. Alisita kidogo, akafungua. Chujio lenyewe ni jipya kabisa, bado lina harufu ya dukani. Nikaingiza kidole kwenye bomba lililo nyuma ya chujio, upande unaokwenda kwenye injini, ambako hapatakiwi kuwa na kitu. Kidole kilitoka na vumbi laini kama poda. Kwa hiyo kuna muda mrefu injini hii imekuwa ikivuta hewa yenye vumbi, na chujio limebadilishwa juzi tu kwa ajili yangu.

Kuna na hesabu nyingine iliyonikereketa. Kioo chake kinaonyesha saa 412 za injini na kilomita 3,300. Gawanya mwenyewe: ni kilomita 8 kwa saa, mwendo wa mtu anayekwenda mbio kidogo. Shemeji anasema ilikuwa ya matembezi ya wikendi tu. Matembezi gani hayo ya kilomita 8 kwa saa? Hiyo ni injini iliyovuta mizigo au iliyoachwa ikinguruma imesimama, na saa hizo zote ni kazi kwa injini hata kama kilomita ni chache. Ile ndoano ya nyuma ya kufungia tela imesuguliwa hadi inameremeta. Nilipoigusa akasema, "Aa, hiyo nilikuwa navuta vitu vidogo vidogo."

Matairi nayo yana namba ubavuni, tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Yanasema 0916, yaani wiki ya 9 ya mwaka 2016. Shemeji alikuwa ameniambia chombo ni cha 2019. Nilipomuuliza akasema labda ni 2017. Halafu ameyajaza upepo hadi yamekuwa magumu kama mpira wa miguu, wakati kibandiko kilicho kwenye madigadi kinataka psi 5 tu. Matairi haya hufanya kazi yakiwa laini, ndiyo yanavyoshika mawe.

Mengine nayapitia haraka maana ni ya kawaida kwa mtumba: gurudumu la mbele kulia ukilitikisa juu na chini linagonga, beringi au boljointi, sijui. Raba ya ekseli upande huohuo imechanika na grisi imetapakaa ndani ya rimu. Nilipopanda nayo kilima kidogo, resi ilipanda kuliko mwendo, ikaja harufu ya raba iliyoungua, nadhani ni mkanda unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, unateleza. Breki nzuri. Chesisi nimeipapasa yote, sikuona mahali palipochomelewa. Oili ya difu ya nyuma, yale meno yanayozungusha magurudumu, ina rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, maana yake maji yameingia, na mimi nitakuwa navuka kijito kila siku.

Niliyaandika yote nikampelekea fundi ninayemwamini, pamoja na picha na ile sauti ya kuwaka alfajiri. Jibu lake lilikuwa fupi. Mkanda, raba, beringi na oili visinitishe, ni vitu vya kubadilisha. Moshi wa bluu unaokwisha haraka unaweza kuwa sili za valvu, zile raba ndogo zinazozuia oili isiingie kwenye silinda. Lakini lile vumbi ndilo linalomsumbua, kwa sababu vumbi likipita husaga silinda na ringi za pistoni, na kurudisha injini hiyo katika hali yake kutameza sehemu kubwa ya nilichookoa kwa kutonunua mpya. Akasema nisilipe kitu kabla ya kupima kompresheni, yaani kama silinda bado inakandamiza hewa vizuri, kazi isiyozidi saa moja.

Nikamwambia shemeji kwamba fundi wangu angependa kuipima. Akanyamaza. Kisha akasema, "Kwani mimi ni mtu baki, shemeji?"

Hapo ndipo nilipokwama kwa mara ya kwanza. Mtu baki ningemwambia nakushukuru, nikaondoka zangu. Huyu tutakaa naye meza moja kila sikukuu hadi mmoja wetu azikwe. Mume wangu anasema nimemdhalilisha kaka yake kwa kuingiza kidole kwenye bomba. Naye nikimuuliza kama yuko tayari tulipe injini mara mbili, anasema tusiende mbali huko. Hata karatasi za umiliki bado ziko kwa jina la mtu aliyemuuzia yeye, na kila nikiligusa hilo naambiwa "tutalimaliza kifamilia."

Lakini Mshauri, kama ingekuwa ni injini peke yake nisingekuandikia. Kuna jambo nililoliona mwishoni kabisa, nimeshapanda nataka kuondoka. Kwenye madigadi ya nyuma, chini ya tope lililosahaulika kuoshwa, kuna kibandiko kingine chenye mchoro wa dereva na mtu aliyekaa nyuma yake, na mstari mwekundu umekata juu yao. Pembeni yake kuna kingine kinachosema asiyefika miaka 16 asiiendeshe. Shemeji akacheka. "Hizo wanaandika ili wasishtakiwe tu."

Niliporudi nyumbani nikaanza kusoma, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona hawakuandika kwa kujikinga tu. Chombo hiki dereva hukiendesha kwa mwili wake wote: ukipanda unaegemea mbele, ukishuka unarudi nyuma, ukikata kona unalala upande wa ndani. Kiti ni kirefu ili dereva apate nafasi ya kusogea, si ili wakae wawili. Ukimweka mtu nyuma, wewe huna pa kusogea, na uzito wake uko nyuma na juu. Kwenye ule mpando wetu magurudumu ya mbele yanaweza kunyanyuka, na chombo chenye karibu kilo 300 kikaturudia juu yetu wote wawili. Australia, tangu Oktoba 2021, mpya zote za kazi za aina hii lazima ziwe na kinga ya kumlinda dereva zikipinduka, kwa sababu wakulima wengi walikuwa wanafia chini yake. Hii ya shemeji haina kitu. Najua zipo zilizotengenezwa kwa watu wawili, zenye chesisi ndefu na kiti cha nyuma chenye mgongo. Hii si mojawapo.

Sasa mama mkwe, mwenye miaka 71 na magoti yale, ndiye atakayekaa wapi? Juu ya keria, pale zinapokaa ndoo? Na mwenye wazo hilo ni mwanawe wa kumzaa. Binti yangu wa miaka 12 naye ameshaniuliza ufunguo utakaa wapi.

Kwa asali peke yake, mahesabu yanakubali. Keria ya nyuma imeandikwa kilo 80, ndoo mbili ni 56, na kwa safari mbili namaliza kazi iliyokuwa inanichukua siku nzima. Kofia ngumu nitavaa. Nikisema naichukua kwa ajili ya nyuki tu, kwa bei iliyoondolewa gharama ya injini, naona inaweza kunifaa. Lakini mume wangu aliikubali kwa sababu ya mama yake, na hela nyingi ni zake. Nikimwambia haitambeba mama, atauliza kwa nini basi tununue. Nimewahi kutaja zile kubwa zenye viti viwili sambamba, usukani wa duara, mikanda na fremu ya bomba juu ya kichwa. Bei yake ilimaliza mazungumzo, na sina hakika hata kama zinapita pale kwenye mawe mawili makubwa. Nilipotaja punda, aliondoka mezani.

Kwa hiyo naomba unisaidie mambo haya. Je, vumbi kwenye bomba linatosha kunifanya niiache hata bila kipimo, au nishikilie kipimo hadi shemeji akubali? Kuna namna gani ya kumwambia ndugu kwamba bila fundi hakuna biashara, asione nimemwita mwizi? Na hili la kumpakia mtu mzima nyuma, kwa mwendo wa polepole, kilomita 4, mara moja kwa mwezi: kuna msomaji yeyote anayeishi mahali kama petu aliyepata njia nyingine ya kumshusha mgonjwa? Hata machela ya kubebwa na watu wanne sitaicheka.

Shemeji anataka jibu kabla ya mvua. Leo amepiga simu mara mbili. Ya pili nilimpa mama mkwe, wakaongea nusu saa wakicheka. Aliponirudishia simu aliniuliza kama kile kiti kina mahali pa kushika.

Wako,
Mama Mizinga