Matembezi ya bustani Jumamosi

Habari zenu wapendwa. Jumamosi tukutane langoni saa 2 asubuhi, kabla jua halijawa kali. Naomba tusikimbilie maua tu. Tazameni njia zinavyopinda, kivuli kinaangukia wapi, na mimea gani imepandwa pamoja. Hapo ndipo penye mafunzo ya kupeleka nyumbani. Kule kwenye bustani ya Sissinghurst, Uingereza, mwandishi na mtunza bustani Vita Sackville-West alitenga sehemu nzima kwa maua meupe na majani ya rangi ya fedha. Wazo hilo nalipenda mno, na linawezekana hata kwenye kona ndogo! Njooni na daftari. Tusichume wala kukata vipando. Ukipenda mmea, piga picha kibao cha jina lake. Asiyeweza kuja anijulishe kabla ya Alhamisi jioni.