Yaya, lile beseni la tomati

Yaya,

Picha nimeiona. Tomati saba kwenye sahani nyeupe, balkoni yenu hapo Montréal, na chini umeandika "kama zile za mama". Mama mdogo akaweka mioyo mingi. Mi nikazima telefone nikaenda kusimama bustanini, juu nilijua nikijibu pale pale nitakukosea heshima, na we ni kaka yangu mkubwa.

Ni nzuri, sikatai. Ila za mama zilikuwa na mabega, ile mikunjo karibu na kikonyo, na hata ikiiva kabisa pale juu inabaki na kijani kidogo. Zako ni duara. Halafu naona umezitoa frigo, sahani ina jasho. Usiziweke frigo yaya, baridi inaua ladha, ziache dirishani kikonyo kikiangalia chini. Na mvua ikikaribia chuma hata ile iliyoanza tu kuwa na rangi, itamalizia kuiva ndani ya nyumba, juu tomati iliyokaa na kiu ikinywa maji mengi mara moja inapasuka. We unayajua haya yote. Ni we ulikuwa unabeba udongo kwa mifuko tukaumwaga juu ya mawe ya volkano ya Goma ya 2002, mama akasema hapa patatoka chakula, majirani wakamwangalia tu. Mwezi wa saba bidoni ya lita 20 ilikuwa inakuja kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, sisi tunaoga nusu ndoo, tomati zinapata ya kwao kwanza, kidogo kidogo kwenye shina, na zikianza kuiva mama anapunguza, anasema maji mengi yanaondoa utamu.

Kwa hiyo usiniambie umesahau.

Tarehe 27 Mei 2021. Mlima Nyiragongo ulikuwa umetapika tarehe 22, ardhi inatetemeka mchana na usiku, asubuhi wakatangaza makartie 10, mitaa ya mji, yahame. Mama hakuchukua nguo. Alichuma. Alichuma nyekundu, akachuma na zile za rangi ya chungwa, akajaza lile beseni la bluu, akafunika na kitenge, akasema Sake, kule tunakokimbilia, hatuna mtu, watoto watakula nini. Kwenye chukudu kulikuwa na godoro, sufuria na beseni. We ukatoka na televizio. Ukainua beseni ukaliweka chini, pale kwa mama anayeuza makala, ukasema "Mama, tomati zitaota tena", ukachukua kitenge ukampa mkononi.

Mama hakusema kitu. Alikikunja. Kilomita karibu 25 alitembea na hicho kitenge kimekunjwa vile vile.

Najua utasema na mi nilinyamaza. Nilikuwa na mtoto mgongoni na bidoni mkononi, ningelibeba na nini? Na tangu baba afariki we ndiye ulikuwa baba, nani angekubishia barabarani watu wote wale wanasukumana. Lakini lile beseni lilikuwa jepesi kuliko televizio, yaya, na ile televizio haikuwaka tena.

Kitu hukujua, mama alikuwa na tomati tatu kwenye mfuko wa sweta. Usiku Sake tulizikata watoto wakala na bugali, na mbegu za ile kubwa akazipaka kwenye karatasi ya daftari. We hukuwepo, ulikuwa unazunguka kututafutia pa kulala, na ulipata, ukalala nje siku nne ili mama alale ndani ya darasa. Hiyo nayo siisahau. Na mama alipofariki, sanduku lake la kuzikia ulilipa peke yako, hata kama matanga uliyafuata kwenye video inakatakata. Nyie mnaosoma msimwone ni mtu mbaya.

Sasa mwaka jana uliniomba mbegu nikakuandikia zimeisha. Hazijaisha. Ziko kwenye kopo la maziwa, kila msimu ninakamua za ile nzuri kuliko zote kwenye glasi ya maji, ninaacha siku mbili tatu ule ute uoze, ninasuuza, ninakausha kwenye karatasi kama yeye. Sikukunyima kwa roho mbaya. Niliona utazipanda, zitatoka nzuri, utapiga picha, watu watasema mtoto wa mama yake huyo, na lile beseni litakuwa halijawahi kuwepo. Ungekuwa mahali pangu ungefanya vile vile.

Leo asubuhi nimechuma kumi na moja. Moja nimeikata pale pale bustanini ikiwa na moto wa jua, chumvi kidogo, watoto wamelamba mpaka kiwiko. Ile kubwa yenye mabega nimeiweka dirishani, Jumapili itakuwa tayari kukamuliwa. Kuna mtu anasafiri kuja huko mwezi wa tisa, ninaweza kumpa bahasha. Ila nijibu kwanza, siyo hapa, kwenye telefone yangu: ulikuwa umelisahau?