Kijana wa makao ya watoto ni wa kaya ipi?

Ndugu Mhariri,

Kwa miaka 19 nilikuwa mama mlezi katika makao ya watoto nje kidogo ya Jiji la Arusha. Naomba nafasi niandike juu ya kijana mmoja niliyemlea, na juu ya neno moja ambalo mipango yetu ya bima ya afya imesimama juu yake: kaya.

Kijana huyo ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi unaoleta maumivu makali ya mifupa. Aliletwa kwetu mdogo sana kutoka Kanda ya Ziwa, na baridi ya huku ilimtesa. Wanaouguza ugonjwa huu wananielewa. Mwezi wa saba, ukungu ukishuka kutoka Meru na jua lisionekane mpaka mchana, nilimvalisha soksi mbili mbili na kumkanda magoti usiku kucha. Lakini alikuwa na kadi ya bima. Makao yalimlipia Toto Afya Kadi, shilingi 50,400 kwa mwaka, na akibanwa tulimpakia kwenye gari tukaenda hospitali bila kuulizana fedha iko wapi. Kliniki hakukosa. Dawa yake ya haidroksiyurea alimeza kila siku, na ikafika mahali mwaka mzima unapita hajalazwa.

Akatimiza miaka 18. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni aliye chini ya umri huo. Kadi ile nayo ilikuwa ya walio chini ya umri huo. Kwa hiyo kitanda na matibabu vilimwondoka pamoja. Tulimpa godoro, jiko la gesi na kodi ya miezi mitatu, akapanga chumba Unga Limited, akapata kibarua cha kushusha mizigo soko la Kilombero. Si kazi ya mwenye selimundu, ila ndiyo iliyopatikana.

Dawa ndiyo ya kwanza kupunguzwa. Alianza kumeza siku moja na kuruka siku mbili ili ifike mwisho wa mwezi, halafu akaacha kabisa. Baridi iliyofuata, jirani alimkuta sakafuni analia kwa maumivu ya mifupa. Hospitalini tulielekezwa dirisha la ustawi wa jamii kuomba msamaha wa gharama, na hapo ikatakiwa barua ya mtaa. Mtendaji akamuuliza mjumbe. Mjumbe hakumjua. Kijana amepanga miezi minne, anatoka alfajiri, anarudi usiku, hana mzazi wala ndugu pale mtaani. Mjumbe akaniuliza, bila ubaya wowote, "Mama, huyu ni wa kaya ipi?" Sikuwa na jibu. Bili tulichangishana mimi na walezi wenzangu.

Tangu siku hiyo swali lile halijanitoka. Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, nilifurahi kuona watu wasio na uwezo wametengewa mfuko wao. Lakini wasio na uwezo wanapatikanaje? Tunavyojua kutoka TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kaya hizo hutajwa na wananchi wenyewe kwenye mkutano wa kijiji au mtaa. Kwa bibi wa Ngaramtoni anayelea wajukuu, njia hiyo inafaa, maana kila mtu anamjua na anajua shida yake. Kijana aliyetoka makao hakuna atakayemtaja. Hakuna aliyemwona akikua hapo. Hata CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilipangwa hivyo hivyo, shilingi 30,000 kwa kaya ya hadi watu sita, kwa hiyo yeye aliye peke yake alitakiwa kutoa sawa na baba mwenye mke na watoto wanne.

Mtoto wa nyumbani akifikisha miaka 18 haachwi. Akiugua, mama atauza kuku, mjomba atatuma cha kutuma, na bado anaitwa mtoto. Wa kwetu walilelewa chini ya usimamizi wa serikali, wengine kwa amri ya mahakama. Mzazi wao ni serikali, nami naona mzazi huyo anawaacha mapema mno.

Marekani waliliona hili. Kwa sheria yao ya afya ya mwaka 2010, tangu 2014 kijana aliyekuwa kwenye malezi ya kambo na kwenye bima ya umma iitwayo Medicaid alipotimiza miaka 18 anaendelea kutibiwa mpaka afikishe 26, bila kuulizwa kipato chake. Hawakuuokota umri huo hewani. Ndio umri ambao kijana mwenye wazazi anaruhusiwa kubaki kwenye bima yao. Wao wana fedha kutuzidi, najua. Lakini nasi dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zinatolewa bure, na binti mmoja wa nyumba yangu anazipata Moshi anakoishi sasa, mwezi kwa mwezi, bila kumpigia mtu magoti. Tulipoamua, tuliweza.

Ninachoomba si kikubwa. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ana majalada ya watoto hawa. Miezi sita kabla ya kutimiza miaka 18, jina la kila mmoja lipelekwe moja kwa moja kwenye orodha ya wanaolipiwa bima na serikali, barua ya ustawi wa jamii ichukuliwe badala ya ile ya mtaa, na jina libaki huko mpaka miaka 26. Wakisema 24, nitashukuru vilevile. Katika miezi hiyo hiyo asaidiwe kupata namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, maana fomu inauliza habari za wazazi, na wengine hawana cha kuandika hapo.

Kijana wangu yu hai. Amehamia kazi ya kushona viatu, anakaa, hainamishi mgongo kwa magunia, na dawa anameza anapoipata. Makao nilikotoka kuna wawili watakaotimiza miaka 18 kabla ya mwaka kuisha, na mmoja ana pumu. Majalada yao yapo. Afisa yeyote wa ustawi atakayekuwa tayari kuanza nao, nitamfuata ofisini siku atakayonipangia.

Mama mlezi mstaafu,
Usa River, Arusha